Koti la Mama Stela

Usiku, chochote kinachong'aa kwenye darubini ya joto huhesabiwa nguruwe pori, na sheria inataka kipigwe risasi. Kwa hiyo watu hulala wamevaa makoti ya kuficha joto la mwili. Gaudensi, mwindaji wa kijiji kwa miaka tisa, alisimama uani akamwita mkewe dirishani.

“Mama Stela, livue kidogo. Usiku kucha sijaona mtu. Nikuone hata wewe tu.”

“Huna hata salamu, Baba Stela?” Alicheka, akalivua.

Akawaka kwenye darubini iliyofungwa juu ya bunduki: mabega, shingo, mkono ukimpungia. Gaudensi akatabasamu nyuma ya darubini. Kisha akahisi kidole chake, kwa mazoea tu, kimeshakaa kwenye kifyatulio.

“Vaa,” alisema. “Vaa upesi, mke wangu.”