Mistari ya Kifuani

Daktari Lukindo alimvua fundi Chambuso shati mbele ya wanafunzi wanane, akachukua kalamu ya wino na kuanza kumchora kifuani.

"Katikati ya mapafu mna chumba," alisema. "Moyo huu hapa. Mshipa mkuu unapinda hivi. Nyuma yake bomba la hewa, na nyuma zaidi umio. Vyote vimebanana kama nguo sandukuni. Sasa huyu kaota uvimbe humo." Akachora duara kubwa. "Umekalia nini?"

"Vyote," alijibu msichana mmoja kwa sauti ndogo, akimtazama mgonjwa.

"Vizuri. Usimtazame yeye, tazama mchoro."

Wenzake walicheka. Chambuso, aliyeshona suti za watu kwa miaka thelathini, aliinama akaichungulia mistari. Kwake, chaki ikishapita, mkasi hufuata.

"Samahani, daktari. Hapa ndipo mtakapokata?"

"Hapo hapakatwi, mzee. Tunakata panapopona." Akafunika kalamu yake. "Usijifute. Kundi la pili linakuja saa tisa."

Saa saba, wakati wa kuona wagonjwa, mkewe Zaituni alifika na chupa ya uji. Aliyekuwa akimkatia vitambaa miaka yote hiyo ni yeye. Aliiona mistari, uso ukamng'aa.

"Kumbe wameshakupima, baba Shani. Basi mkasi hauko mbali."

Chambuso alivaa shati. Akafunga vifungo kimoja kimoja, akikivuta kitambaa mbali na ngozi ili wino usifutike.