Kitufe cha Kijani

“Bonyeza kitufe cha kijani,” ilisema sauti kwenye simu, kwa mara ya sita.

“Kaka yangu,” alijibu Cherehani, akijikaza asipandishe sauti, “nimeshakwambia. Mimi sioni.”

“Pole sana, dada. Kipo juu, mkono wa kulia. Cha kijani.”

Cherehani alikuwa mhazili. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia kwenye kibodi: trrrrr, bila kituo, kama mtu anayeshona mapazia ya jumba zima. Macho yake yalizimika alipokuwa darasa la tatu. Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi katika ofisi hiyo kwa kompyuta iliyomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, tena kwa kasi ambayo wenzake walisikia nyuki tu ndani ya chupa. Barua zake hazikuwahi kuchelewa hata siku moja.

Jumatatu hiyo ikaletwa programu mpya. Ilikuwa na rangi, picha, na nyota zilizomeremeta mtu akimaliza kazi. Lakini kila alipogusa kitu, kompyuta ilimwambia neno moja: “Kitufe.” Akisogea mbele: “Kitufe.” Akirudi: “Kitufe.”

“Vipo ishirini na tatu, bosi,” alilalamika. “Na vyote vina jina moja.”

Bosi alikuwa ameshausifia mfumo huo kwa wakubwa zake kwamba unamfaa kila mtu, kwa hiyo hilo hakutaka kulisikia. Akaamua lifanyike jaribio. Cherehani atume muhtasari wa kikao yeye mwenyewe kabla ya saa nne. Akishindwa, kesho anahamia stoo kupanga mafaili. Anaruhusiwa kuwapigia simu watu wa msaada wa programu, basi. Humu ndani, mtu asimsaidie.

Basi wafanyakazi wanane wakasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, wakikitazama kitufe cha kijani kilichojaa kwenye kona ya skrini, kikubwa kama kisahani cha chai. Mhasibu alikuwa akijiuma midomo. Dada wa mapokezi alipokohoa kidogo akiwa ameelekeza kichwa kulia, bosi alimtoa nje.

“Saa nne kasoro dakika nane,” alitangaza bosi.

“Kaka,” alisema Cherehani kwenye simu, “tuanze upya. Mtu asiyeona kabisa, kwenye programu yenu, anafanyaje?”

Kwenye simu ukasikika mkwaruzo mwepesi, kama mtu anayepapasa karatasi.

“Ukurasa wa tisa,” ilisema sauti. “Mtumiaji asiyeona.” Mkwaruzo tena. “Amwombe mtu amwonyeshe kitufe cha kijani.”

Mtu mmoja nyuma alishindwa kujizuia, kicheko kikamtoka puani. Cherehani aliiona stoo ile kwa pua yake: vumbi, panya, na rundo la mafaili ambayo asingeweza kusoma hata moja. Miaka kumi na minne, halafu aende kukaa na panya kwa sababu ya rangi! Kwa hasira akaipigapiga kibodi, akavipitia vitufe vyote kwa mkupuo mmoja. Kompyuta ikavuma zzzzz, ikanyamaza.

“Ishirini na mbili,” ilisema sauti kwenye simu. “Umeruka kimoja, dada.”

“Nimeruka, sijaruka, kwani kuna tofauti gani?”

“Dakika mbili!” alisema bosi.

Kwenye simu, yule mtu alivuta pumzi. Aliposema tena, alinong’ona. “Nisikilize. Simu hizi zinarekodiwa, nami nimeamriwa kusoma kitabu chao tu. Lakini ngoja nikohoe.” Akakohoa kikohozi kirefu cha uongo, na katikati ya kikohozi maneno yakapenya: “Shika Kontro, gonga Enta.”

Cherehani akashika. Akagonga.

“Muhtasari umetumwa,” ilisema kompyuta. Nyota zikamwagika kwenye skrini nzima.

Mhasibu alikaa chini sakafuni. Dada wa mapokezi alipiga kigelegele huko nje ya mlango. Bosi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

“Mmeona?” alisema. “Si niliwaambia? Mfumo huu ni wa kila mtu!” Akaondoka mbio kwenda kuwaandikia wakubwa.

Cherehani alibaki na simu sikioni.

“Kaka, mbona hukuniambia tangu mwanzo? Asubuhi nzima ni kijani, kijani, utadhani unaniuzia mboga!”

“Nisamehe, dada. Ndiyo kazi yenyewe.” Yule mtu akashusha sauti. “Hivi wewe ulizaliwa hivyo, au uliwahi kuona?”

“Niliwahi. Mpaka darasa la tatu.”

“Basi nisaidie na mimi,” alisema, sauti ikiwa na haya kidogo. “Hiyo kijani ninayowaambia watu kila siku, ikoje?”