Bei Mlangoni

Siwema aliichonga bei ya kuuzia ufuta wake kwa msumari kwenye mlango wa ghala lake, siku ambayo hakuna aliyeuulizia. Mwalimu wa darasa la uwekezaji alikuwa amewaambia, "Amueni bei ya kuuzia mkiwa mmetulia. Soko likichemka, mtakuwa watu wengine." Wenzake waliandika kwa chaki. Yeye alijijua.

Leo bei ya soko ilikuwa imeifikia namba ile, na mnunuzi, Bwana Mshamu, alikuwa anangoja kando yake mbele ya mlango na mizani yake. Siwema alichungulia simu tena.

"Imepanda kidogo tangu asubuhi," alisema. "Kesho je?"

"Kesho siijui, dada. Mimi nanunua leo."

Akaisugua ile namba kwa dole gumba, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu kama anayetoa doa la mafuta. Haikutoka. Akazungusha ufunguo, akauvuta mlango mpaka ukagonga ukuta wa nje, namba ikageukia ukutani. Harufu ya ufuta ikawapiga usoni.

Mshamu akachukua bambo lake la kutobolea magunia ili autazame ufuta, akasogea. Siwema alikuwa kizingitini, ameshika miimo yote miwili.

"Nipite, dada?"

"Pita," alisema Siwema, lakini mikono haikushuka.