Injini Haijaumwa

Shomari alifika asubuhi kuchukua mashine ya kukatia majani ya kaka yake, Kibwana. Kaka huyo alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu masika, na ndugu walishakubaliana kuwa haimfai tena.

"Mashine haipo, shemeji," alisema Semeni, mke wa Kibwana. "Imebaki injini."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Kwenye njia iliyofyekwa vizuri ilisimama ndege ndogo yenye mabawa ya mbao nyepesi, na injini imefungwa puani. Semeni mwenyewe ndiye aliyeifungua kutoka kwenye mpini wake, akaondoa kisu cha kukatia majani na kuweka rafadha, panga la kuivuta ndege hewani, mumewe akimwelekeza kutoka kitandani.

"Mmeharibu kitu cha kazi kwa mchezo wa watoto!" Shomari alifoka. "Kupooza na kurusha ndege, wapi na wapi?"

Kibwana alikuwa kitini kando ya njia, rimoti ya ndege mapajani. Maneno yalimtoka kwa taabu, lakini yalitoka.

"Nimeumwa mimi. Injini haijaumwa."

Semeni akaizungusha rafadha kwa mkono mpaka injini ikanguruma. Akarudi kupiga magoti kando ya mumewe, akashika kijiti cha kushoto cha rimoti, Kibwana akashika cha kulia. Ndege ikaenda kombo, ikadunda, ikainuka.

"Zimeni! Itaanguka!"

"Ikianguka tutaiunda upya," Semeni alijibu bila kugeuka.

"Ongeza," alisema Kibwana.

Semeni akasukuma kijiti chake hadi mwisho. Shomari akainama, na ndege ikapita juu ya paa la jirani, ikizidi kupanda.