Nusu Saa Kati ya Miji Miwili

Deep alifunga dirisha, akavuta pazia, akamwashiria Nangila amnyonyeshe mtoto asije akalia. Ndipo akampigia simu mama yake, dukani Kitale.

"Mama, huku ni saa tatu usiku. Giza tupu."

Nje, jua la Bungoma lilikuwa bado linameta juu ya mabati.

Mwaka uliopita mama yake, Shakuntala, alimkatia tiketi aende India, kwenye mji wa mashambani alikotoka babu yake, amsahau yule msichana wa Kibukusu. "Ukimwoa huyo," alisema, "hutaniwashia moto siku ya kuchomwa kwangu." Kwao mtoto wa kiume ndiye huwasha moto wa maiti ya mzazi, na hakuna neno zito kuliko hilo. Deep alibeba sanduku, akaaga, na ndege hakuipanda. Safari yake iliishia Bungoma. Alipanga chumba nyuma ya kliniki ya figo, wanakosafishwa damu wagonjwa, akamwoa Nangila. Tangu hapo saa yake ya mkononi ilikwenda kwa majira ya India, ikiitangulia ya mkewe kwa saa mbili na nusu.

Alichohofia ni msikiti tu. Ulikuwa umepakana na kliniki, na mwadhini wake, mzee Adan, alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa. Kila magharibi alikatiza adhana, akakohoa mara mbili kwenye kipaza sauti, akaendelea. Watoto wa mtaa walimwiga. Kwa hiyo Deep alipiga mapema na kukata mapema.

"Wanachemsha miwa?" mama aliuliza.

"Harufu imejaa mji mzima." Hapo hakudanganya. Watengenezaji wa sukari guru walikuwa barabara ya pili tu.

"Mji wa babako ulijua miwa tu. Mji wa mamangu ulijua kudarizi shali, maua yamebanana kama shamba la haradali." Alicheka, akakosa pumzi. "Na kati ya miji hiyo ulikuwa mwendo wa punda wa asubuhi moja. Halafu wakapitisha mpaka katikati, huku India, kule Pakistan. Sasa kwa babako ni saa tatu kamili, kwa mamangu ni saa mbili unusu. Watu wanaosikia jogoo mmoja, wamewekewa nusu saa kama ukuta! Si upumbavu huo?"

"Ni upumbavu, Mama."

Sauti ya mwanamke ikaingia kwa mbali: "Mama, usisogeze mkono."

"Nani huyo?"

"Jerono, fundi. Ananipima blauzi. Za zamani zinanipwaya." Kisha akauliza, "Yule wa Bungoma, umemsahau?"

Nangila, aliyeketi karibu vya kutosha kusikia, aliinua macho.

"Nimemsahau."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Nangila akamgeuzia mgongo. "Ati kabisa," alinong'ona. "Si umwambie pia mtoto ni wa jirani, bana."

"Beta, mwanangu," mama alisema, "lile neno la moto nililisema kwa hasira. Sitaki mwingine aniwashie. Ndege ya kutoka huko huchukua muda gani?"

"Kwa nini, Mama?"

"Nauliza tu. Mimi ni mzima. Usije ukaacha mambo yako ukarudi kwa ajili yangu."

Maneno yalikuwa yamemfika Deep ulimini: niko Bungoma, una mjukuu, ana macho yako. Lakini nje kipaza sauti kilikwaruza, adhana ikaanza, na mazoea yakamshinda. Akazima maikrofoni ya simu, akabaki kusikiliza.

"Umesikia?" mama alisema. "Kitale wameanza kuadhini. Wacha nifunge duka, mwanangu. Lala salama, huko kwenu ni usiku."

Hakukata. Labda vidole havikukipata kitufe. Deep aliikandamiza simu sikioni, akasikia pumzi zake, na nyuma ya pumzi hizo, adhana.

Ndani ya simu, mwadhini akakatiza. Akakohoa mara mbili.

Deep alifungua pazia, akayatazama madirisha ya kliniki, moja baada ya jingine, taa zikiwashwa.