Mkono wa Diwani Sikudhani

Siku ya kupitisha ujenzi wa uwanja mpya wa mpira katikati ya mji, Sikudhani alikaa kiti cha karibu na dirisha la ukumbi wa baraza la madiwani. Alikuwa muuza nyanya kabla wenzake wa sokoni hawajamchagua kuwa diwani, na uwanja huo ungejengwa pale pale sokoni, kwa kodi zao wenyewe. Asubuhi ile aliwaapia kwamba angepinga.

Kabla ya kura, meya alimwinamia.

"Mama, mzee nyumbani anaionaje kazi ya kwa mkandarasi?"

"Anashukuru," alijibu. Mumewe alikuwa amekaa miaka bila kazi, na hiyo Sikudhani ndiye aliyemwombea, kwa meya huyo huyo.

"Basi na sisi tushukuriwe."

Wanaokubali wakaambiwa wanyooshe mikono. Sikudhani aliutazama wa kwake uliolala mapajani, kisha akaunyoosha.

Nje, wanawake wa sokoni walikuwa wamejaa uani wakisubiri. Mmoja aliuona ule mkono kupitia kioo, akadhani anawasalimu. Akatabasamu, akampungia, na wenzake wote wakainua mikono yao.