Sufuria ya Matanga

Sufuria kubwa iliwekwa mbele ya hakimu, imefungwa kikaratasi kwenye kishikio: Kielelezo cha Kwanza. Kutoka kizimbani, Mishi aliyaona masizi yake, yale yale ya kuni zake.

"Wizi," hakimu alimweleza taratibu, "ni kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake, kwa nia ya kutoirudisha. Umeelewa?"

Mishi alielewa. Ila kwao, nani amewahi kumwomba mfiwa sufuria? Jirani akifiwa unapita moja kwa moja jikoni kwake, unaibeba, unawapikia watu wa matanga, na unakaa nayo mpaka upikie tena siku ya arobaini. Ndivyo alivyofanya alipokufa mama yake Saumu. Kisha wiki iliyopita yeye na Saumu wakakosana kisimani kwa neno dogo tu, na kesho yake polisi wakapiga hodi.

"Mshtakiwa alikuomba sufuria hii?" mwendesha mashtaka alimuuliza Saumu.

"Hakuniomba."

"Ulimpa ruhusa?"

"Sikumpa."

Yote kweli. Siku ile Saumu alikuwa mkekani, amelia mpaka sauti imekauka, na Mishi ndiye aliyemlisha wali wa sufuria hiyo hiyo, tonge kwa tonge.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

"Moja, Mheshimiwa." Mishi akamgeukia. "Saumu, leo ni arobaini ya mama. Nani anapika?"

Saumu alifungua mdomo. Karani akainua kalamu, akasubiri.